Homoni na dawa za dipresheni pamoja: maswali yenye naulizwa kila siku kwa kaunta

Mimi nauza dawa hapa Kisumu, kabla ya hapo nilikuwa Nakuru, na wateja wananiita daktari hata kama mimi si daktari, ni mtu wa famasia tu, nilichoka kukataa. Mama wa miaka arobaini na kitu akiingia na asimame kando karibu na mzani, ajifanye anasoma maandishi ya Panadol akingoja wengine watoke, mimi najua tu swali linakuja. Na litakuja kwa sauti ya chini. Sasa nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Halafu niseme mapema, nina miaka 48 na hizo dawa zote mbili nazitumia, kwa hivyo mambo haya nayajua nikiwa ndani ya kaunta na nikiwa nje.

Nikisema homoni hapa namaanisha estrojeni na projesteroni za kutuliza shida za kuelekea kukoma hedhi, si zile za kupanga uzazi. Nikisema dawa za dipresheni namaanisha fluoksetini, sertralini, esitalopramu, venlafaksini na wenzao, pamoja na amitriptilini yenye wengi wetu tunaijua juu ndio bei nafuu na ndio iko kila mahali.

Nitakuwaje na mambo ya menopozi na bado naona mwezi?

Menopozi yenyewe inahesabiwa ukimaliza miezi 12 mfululizo bila damu. Ile miaka ya kabla ya hapo ndio inaitwa perimenopozi na ndio yenye fujo. Kwa wengi inaanza katikati ya miaka ya arobaini, inaweza kwenda miaka minne, wengine hata zaidi. Watu wanadhani estrojeni inashuka polepole kama jua la jioni, hapana, inapanda na kushuka ovyo, wiki hii iko juu kuliko ya msichana, wiki ijayo haipo. Na ubongo unaitegemea hio estrojeni kwa mambo ya usingizi, joto la mwili na hata ile kemikali ya serotonini yenye dawa nyingi za dipresheni zinafanyia kazi. Ndio maana unaweza kulia juu ya kitunguu kimeungua halafu usiku ulowe shuka, yote siku moja, na mwezi bado unakuja.

Hapa Kisumu shida ni kwamba joto likikushika unasingizia ziwa. Mimi nilisingizia ziwa mwaka mzima. Nilikuja kujua si ziwa nilipoenda kwa dada yangu Nakuru mwezi wa saba, watu wamejifunika blanketi mbili mbili na mimi niko kwa veranda saa nane usiku na leso moja, natoa mvuke kama sufuria ya githeri.

Naweza kumeza homoni na dawa ya dipresheni siku moja?

Ndio. Estrojeni na projesteroni hazigombani na fluoksetini, sertralini, esitalopramu wala venlafaksini kwa njia ya kukutisha. Wanawake wengi wanazitumia pamoja. Venye nimeona, shida haitoki kwa hizo mbili kukutana tumboni, inatoka kwa sababu daktari wa homoni hajui kuna daktari wa dipresheni, na wote wawili hawajui kuna mtu wa kemisti alikuuzia kitu cha mgongo.

Sasa nianze na gani?

Inategemea ni nini inakuumiza zaidi, na hapa nitaongea kidogo juu ndio swali lenye watu wanajibiwa vibaya.

Kama shida kubwa ni joto la ghafla, jasho, usingizi kukatika, ukavu huko chini, na hasira ama huzuni imekuja pamoja na hayo na inapanda na kushuka nayo, basi homoni ndio inatibu mzizi. Ukilala usiku mzima wiki mbili tatu unaweza kushangaa ile huzuni imeenda wapi. Uingereza muongozo wao wa menopozi unasema wazi kwamba hakuna ushahidi mzuri wa kumpa mwanamke dawa za dipresheni kwa huzuni ya menopozi tu kama hajapatikana na dipresheni yenyewe.

Lakini kama umefika pale hutaki kuamka, hutaki kula, umeacha kwenda chama, vitu ulikuwa unapenda vimekuwa kama majivu mdomoni, na imepita wiki mbili kila siku, hio ni dipresheni kamili. Hio inatibiwa kama dipresheni, na dawa zake na kuongea na mshauri, hata kama homoni ndio ilifungua mlango. Hasa kama ushawahi kuwa nayo zamani, ama ulipata baada ya kujifungua, ama siku zako zilikuwa zinakugeuza mtu mwingine kila mwezi. Nyinyi ndio miaka hii inawapiga zaidi.

Ati homoni peke yake inaweza kutibu dipresheni? Kuna utafiti wa Marekani wa 2001, wanawake 50 wa perimenopozi wenye dipresheni, wengine wakabandikwa estradioli (aina ya estrojeni) ya ngozi na wengine bandiko tupu, wiki 12. Kwa waliopata estradioli 68 kwa mia walipona, kwa wale wengine 20 kwa mia. Mwingine wa 2018 ulichukua wanawake 172 ambao hawakuwa na dipresheni, ukawafuata mwaka mmoja: waliotumia homoni, kama 17 kwa mia walianza kuonyesha dalili za dipresheni, wale bila homoni kama 32 kwa mia. Ni kitu kizuri, mimi kilinipa moyo. Lakini ni tafiti ndogo, na ndio maana homoni haijaidhinishwa kama dawa ya dipresheni, na wataalamu bado wanasema kwa dipresheni kali dawa ya dipresheni ndio ya kwanza, homoni inaongezwa kama dalili zingine ziko.

Mimi binafsi nilianza na sertralini, ikaniinua kutoka kitandani, lakini usingizi ulibaki vipande vipande mpaka nikaongezewa homoni. Mwenzangu tulisoma naye alifanya kinyume. Msinakiliane.

Nilianza dawa ya dipresheni na jasho likaongezeka. Menopozi imezidi?

Labda. Lakini pia labda ni dawa. Hizi dawa za dipresheni karibu zote zinaweza kutoa jasho, na hii ndio kitu nataka mtu akikumbuka kimoja tu akikumbuke hiki. Joto la menopozi huwa linakuja kama wimbi, linaanzia kifuani linapanda shingo na uso, dakika chache linapita na baridi inafuata. Jasho la dawa mara nyingi halina wimbi, linakaa tu, kichwani na mgongoni, na lilianza ama kuongezeka siku chache baada ya kuanza dawa ama kuongezewa dozi. Andika tarehe. Tarehe zinasema ukweli kuliko kumbukumbu zetu sisi wenye hatulali.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kibuye, anauza mitumba. Alikuja akitaka "kitu cha kupunguza joto". Nikamwambia mama, naomba nione kila kitu unameza. Akafungua fundo la leso juu ya kaunta, zikatoka bahasha za kaki, moja imeandikwa 1x1, nyingine 1x3, nyingine haijaandikwa kitu. Sertralini, ya kliniki moja, dozi imeongezwa mara mbili juu alisema bado anatoka jasho. Amlodipini ya presha. Diklofenaki ya magoti. Na tramadoli, ya mgongo, kutoka kwa kemisti fulani bila cheti. Nikaangalia mikono yake, inatetemeka kidogo, hata noti inamshinda kushika. Sertralini na tramadoli zote zinapandisha serotonini, zikirundikana mtu anatoka jasho, anatetemeka, moyo unaenda mbio, tumbo linaharisha, hatulii. Ikizidi kabisa inaua. Tulimpeleka hospitali siku hiohio, tramadoli ikaondolewa, sertralini ikarudishwa chini. Joto lenye lilibaki ndio lilikuwa la menopozi, na halikuwa kubwa hivyo.

Kwa hivyo ukija kwangu nitakuambia fungua leso. Usione vibaya.

Nitajuaje jasho la usiku si malaria?

Huku kwetu ziwani hio ndio ya kwanza kutoa kwa njia. Pima malaria. Jasho la usiku na kikohozi cha wiki mbili na kukonda, pima TB. Kama hujui hali yako ya HIV, pima. Moyo kudunda na kukonda na mikono kutetemeka, waangalie tezi la shingo, thairoidi. Damu nyingi za hedhi na uchovu, wapime kiwango cha damu, juu upungufu wa damu unafanana na dipresheni mpaka unashangaa. Kipimo cha homoni zenyewe ukiwa umepita 45 mara nyingi ni kupoteza pesa, leo kitasema hivi wiki ijayo vile, daktari anaamua kwa historia yako.

Mimi sina dipresheni, nina joto tu, na daktari ameniandikia dawa ya dipresheni. Ananiona mwendawazimu?

Hapana mama. Baadhi ya hizo dawa zinapunguza joto la ghafla hata kwa mtu mwenye roho nyeupe kabisa. Paroksetini ya dozi ndogo, miligramu 7.5, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa kazi hio hasa. Venlafaksini na esitalopramu pia zinasaidia, na zinaanza kuonekana ndani ya wiki chache. Fluoksetini na sertralini ni hafifu kidogo kwa joto. Hizi wanapewa hasa wanawake wenye hawawezi kutumia homoni. Haziwezi kushinda estrojeni kwa joto, lakini zinapunguza.

Kosa la daktari wako ni kutokukueleza tu. Na hapo najua uchungu wake, juu mimi kliniki moja niliambiwa "ni uzee madam, utazoea" na nikapewa amitriptilini bila kuulizwa hata kama nalala. Nililala sawa, nilikuwa nalala hata mchana, mdomo mkavu kama nimelamba magadi, nikafunga choo siku nne, nguo zikabana. Sisemi amitriptilini ni mbaya, kuna watu imewaokoa, lakini uulizwe kwanza.

Homoni si inaleta kansa?

Hofu hio ina tarehe yake. 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wanawake zaidi ya 16,000 wenye walikuwa na mji wa uzazi, ulisimamishwa mapema. Magazeti yakapiga kelele dunia nzima, wanawake wakatupa dawa. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, kansa ya matiti iliongezeka kama 8. Stroki pia kama 8. Kuvunjika nyonga kulipungua. Na kitu chenye hakikusemwa kwa sauti ni kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, si wewe wa 47, na walikuwa wanameza aina ya zamani ya estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa). Wenye walikuwa wametolewa mji wa uzazi na wakapewa estrojeni peke yake, kansa ya matiti haikuongezeka.

Leo wataalamu wanasema kwa mwanamke mwenye afya, chini ya miaka 60 ama hajamaliza miaka 10 tangu hedhi ikome, na dalili zinamsumbua, faida kwa wengi inazidi hatari. Estrojeni ya kubandika ama jeli ya kupaka mkono haionekani kuongeza damu kuganda kwa mishipa venye ya kumeza inaongeza. Mimi ningeweza kuchagua ningechagua ya ngozi, na nilichagua.

Nani asiiguse?

Mwenye kansa ya matiti, sasa ama zamani. Mwenye anatoka damu ukeni na sababu haijajulikana, hio kwanza ichunguzwe, na mlango wa kizazi upimwe. Mwenye damu iliganda mguuni ama mapafuni, mwenye stroki ama hati ataki ya juzi, mwenye ini linaumwa, mwenye presha haijashikwa. Baadhi ya hawa mtaalamu anaweza kutafuta njia, lakini si mimi wa kaunta na si shosho wa jirani.

Kwa nini nimepewa projesteroni na huzuni imerudi?

Kama una mji wa uzazi, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani na inaweza kuleta kansa ya hapo. Projesteroni ndio inalinda. Usiiache kimyakimya ati inakuharibia mudi huku unaendelea na bandiko, hio ni hatari kabisa.

Lakini ni kweli, kuna wanawake projestini inawashusha, wanakuwa kama wale wa siku tatu kabla ya hedhi. Ukiona mudi inaanguka siku zile za projesteroni tu na inapanda ukimaliza, mwonyeshe daktari kalenda. Anaweza kubadilisha aina, ile ya projesteroni halisi mara nyingi inavumilika zaidi na inaletea usingizi, ama atumie koili yenye homoni inakaa kwa mji wa uzazi na kidogo sana ndio inafika kwa damu. Asikimbilie kuongeza dawa ya dipresheni kabla ya kuangalia hio kalenda. Nimeona dozi zikipandishwa miezi sita na shida ilikuwa ni projestini.

Niko kwa ARV ama dawa za TB ama za kifafa. Je?

TLD, ile tembe moja ya ARV yenye ndani kuna dolutegraviri, haigombani na homoni. Kitu cha kuangalia na TLD ni kalsiamu na tembe za kuongeza damu (za madini ya chuma) zenye tunapewa sana miaka hii, zinashika ile dolutegraviri isiingie mwilini. Meza zote pamoja na chakula, ama TLD itangulie masaa mawili, ama ingoje masaa sita baada ya hizo zingine. Ukiwa bado kwa efavirenzi, hio inaweza kupunguza nguvu ya homoni.

Rifampisini ya TB inaichoma homoni ya kumeza haraka sana na hata sertralini inaipunguza. Karbamazepini na fenitoini vilevile. Lamotrijini ni kinyume, estrojeni inaweza kuishusha, mtu akapata kifafa ama mudi ikapinduka. Na kama ushawahi kuwa na siku za kutolala kabisa na bado una nguvu za kulima shamba lote na kununua vitu huna pesa, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa ya dipresheni, juu kwa mtu wa hivyo dawa hio ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha tena kwa hali hio.

Tamoksifeni ya kansa ya matiti: paroksetini na fluoksetini zinaizuia kufanya kazi. Venlafaksini ndio huwa inapendelewa hapo. Homoni hapana.

Nikipata malaria nitameza AL, ile dawa ya malaria, na dawa ya dipresheni?

Malaria itibiwe, usiache. Lakini sema unatumia nini. AL, pamoja na esitalopramu, sitalopramu ama amitriptilini, zote zinaweza kuvuruga mdundo wa moyo kidogo, zikijumlishwa ni zaidi, hasa ukiwa na moyo mgonjwa ama umetapika na kuharisha sana. Daktari akijua anaangalia. Asipojua anaandika tu.

Na ibuprofeni? Na mitishamba?

Ibuprofeni na diklofenaki pamoja na dawa za dipresheni zinaongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na wewe labda tayari unamwaga damu ya hedhi kama bomba. Kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamoli. Tramadoli nimeshaongea.

Mitishamba siwakatazi, nyanya yangu alikuwa anachemsha vitu na aliishi miaka mingi. Lakini ile mimea ya kuuzwa ya "furaha" kutoka ng'ambo, jina lake St John's wort, hio usichanganye na chochote kati ya hizi mbili: inapunguza homoni na inarundika serotonini. Na mchanganyiko wa chupa usio na jina, tafadhali, uache ukiwa kwa dawa. Kwa mifupa kula omena na usiwatoe vichwa.

Hamu imeisha kabisa. Ni dawa ama ni mimi?

Zinaweza kuwa tatu kwa moja. Ukavu unaumiza, na kitu kinachouma mwili unakikimbia. Krimu ama tembe ya estrojeni ya kuweka ukeni inasaidia sana hapo na kidogo sana inaingia kwa damu. Halafu dawa za dipresheni zinaweza kuzima hamu ama kuchelewesha kufika, hio ni kawaida na inaweza kubadilishwa, kuna nyingine hazifanyi hivyo sana. Na tatu ni uchovu na ugomvi wa nyumba, hio haina tembe. Muulize daktari, hata kama ni kijana wa umri wa mtoto wako. Amesoma hayo.

Mzee anasema nimerogwa.

Mlete. Nimewahi kuchora kwa karatasi ya risiti mstari wa estrojeni unapanda na kushuka, mzee mmoja wa Kondele akaangalia sana akasema "kumbe ni kama bei ya sukari". Kuanzia hapo ndio alikuwa anamkumbusha bibi yake dawa. Wanaume wengi wanaogopa tu na hawana jina la kile wanaogopa.

Naweza bado kushika mimba?

Ndio, na homoni hizi hazizuii. Ukiwa chini ya 50 endelea kujikinga miaka miwili baada ya damu ya mwisho, ukiwa juu ya 50 mwaka mmoja. Ukiwa kwa Depo, ile sindano ya kupanga uzazi, damu inaweza kukosa hata kama menopozi haijafika, kwa hivyo usihesabu nayo.

Naskia vizuri sasa, si niache?

Dawa ya dipresheni inachukua wiki mbili mpaka nne kuanza, sita mpaka nane kuonekana vizuri. Ukipona, unaendelea angalau miezi sita, na kama ilishawahi kurudi, zaidi. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya, na kale kaumeme kanapita kichwani ukigeuza macho. Venlafaksini na paroksetini ndio mbaya zaidi kwa hilo, fluoksetini ndio pole. Unashuka kidogo kidogo, na daktari akijua.

Halafu usiache zote mbili wakati mmoja. Ukipunguza, punguza moja, ngoja, ndio ujue ni gani ilikuwa imeshika nyumba.

Kama ni mchungaji amekuambia uache, mwombe akuombee ukiwa umemeza. Sijaona mahali maombi yanazuiwa na sertralini.

Nina mawazo ya kujimaliza.

Usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda kesualti (idara ya dharura) ya hospitali iliyo karibu leo, ama piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni bure. Mpe mtu mwingine ashike dawa zako, hasa amitriptilini, juu nyingi kwa mara moja inasimamisha moyo. Na wenye mnaogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha kushtaki mtu aliyejaribu kujiua kinaenda kinyume na katiba. Kinachotakiwa ni ufike hospitali.

Huku kwetu niende wapi?

Kisumu kuna Jaramogi, ile tunaita Russia, Nakuru ile rufaa ya kaunti yenye wazee bado wanaita PGH, Kakamega na Eldoret pia kuna za rufaa. Ulizia kliniki ya wanawake na ya afya ya akili, na uombe wakuandike kwa kitabu kimoja. Dawa za dipresheni za kawaida zinapatikana, homoni ndio ngumu, kemisti nyingi haziweki, mara nyingi tunaagiza Nairobi na unangoja. Agiza kabla haijaisha. Bima ya afya ya SHA ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, uliza hapo kwa dirisha wanalipia nini kabla hujapanga pesa.

Nikisahau dozi?

Ya dipresheni, meza ukikumbuka siku hiohio, kama imefika karibu na ya kesho iache, usimeze mbili. Bandiko likianguka weka jipya, endelea kubadilisha siku yako ya kawaida. Projesteroni ya usiku ukiisahau, ngoja usiku mwingine, usiifidie asubuhi. Mimi niliifidia asubuhi, nikapanda matatu nashuka Ahero, kondakta akaniamshia Awasi.